Mbawakawa wa Mluzi na Mwenzake Bubu

Jumapili tulipotoka kanisani mlinizunguka wote watano mkitaka kujua kwa nini nimerudi na miguu iliyochubuka kwa tope, gunia la mchele na sauti iliyokauka. Nikaanza kusimulia, Mama Deo akacheka kabla sijafika hata Dodoma, mwingine akadakia habari za viboko, halafu mvua ikatutawanya. Basi nimekaa nimeandika. Someni wenyewe, na atakayecheka kabla ya wakati acheke peke yake.

Kwanza sababu ya safari, maana wengine mnadhani mimi pale chuoni nafundisha. Sifundishi. Mimi ni mtunza wadudu. Kazi yangu ni makabati ya wadudu waliokaushwa na kuchomekwa sindano: nawafuta vumbi, nawakinga na sisimizi, nawachora. Katika droo moja wamo mbawakawa wadogo wa majini waliokusanywa zamani kwenye majaruba ya mpunga ya Usevya, mkoa wa Katavi. Ni wanene kama mbegu ya mtama, rangi yao ni ya ganda la mpunga, na mgongoni wana madoa meusi. Wote wana jina moja. Lakini mimi niliyewachora mmoja mmoja niliona baadhi yao wana mwiba mdogo kwenye ncha ya bawa gumu la juu, na wengine hawana. Nikamwambia Daktari, mkuu wangu, kwamba hawa ni aina mbili. Yeye akasema ni aina moja tu, mwiba huvunjika kadiri mdudu anavyozeeka. Tulibishana wiki nzima, siku moja hata mbele ya wanafunzi, na hapo akasema neno lililonichoma.

"Eufrasia," akasema, "macho yako yanataka wawe wawili."

Daktari anastaafu mwaka huu. Alikuwa anamalizia orodha yake ya wadudu wa majini wa upande wa magharibi, kazi aliyoianza mimi bado nasoma shule ya msingi. Ikishachapwa, nani atakuja kufungua tena droo ile? Mbawakawa wangu wangebaki mmoja mpaka siku ya kiama. Lakini Daktari ni mtu wa haki. Aliniita ofisini akasema majaruba ya Usevya sasa yana maji, niende mwenyewe nikalete walio hai, naye atasubiri wiki mbili. Mimi sijawahi kutumwa popote na mtu yeyote. Niliifunga hadubini kwa khanga mbili, nikaitia kwenye kisanduku chake cha mbao, nikaondoka.

Morogoro hadi Tabora

Treni ya reli ya zamani tuliyoambiwa itapita jioni ilipita asubuhi ya pili yake, kwa sababu mvua ilikuwa imefukua tuta mahali fulani huko nyuma. Haikuwa hasara. Mpaka inafika, pale stesheni tulikuwa tumeshakuwa ukoo mmoja. Ndipo nilipompata Zuhura, fundi cherehani wa Mpanda, mwanamke wa rika langu, aliyekuwa anarudi na kichwa cha cherehani alichokinunua mjini. Kisanduku chake na changu vilifanana kama mapacha. Tukakubaliana kulindiana: mmoja akienda msalani, mwenzake anakalia vyote viwili.

Ndani ya behewa alikaa mbele yetu kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu. Alipoona nafungua kisanduku kuangalia kama hadubini imepona na mtikisiko, macho yalimtoka. Nikamweleza kwamba ni ya kuangalizia wadudu. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayekubali uongo wa mkubwa. Tulipofika Saranda, akina mama wakaja madirishani na sinia za kuku, naye akaninunulia paja zima na chipsi kavu. Nikala nikashukuru. Nilipomaliza kulamba vidole akatoa mfukoni jiwe lililofungwa kwenye karatasi ya daftari, akaniomba nilipime. Nikaliangalia kwa lenzi, nikamwambia mimi naona linang'aa, zaidi ya hapo sijui. Akageukia dirishani. Baadaye nilimsikia akimwambia mtu kwamba wataalamu wote ni hivyo hivyo, wanakula kuku wako wananyamaza.

Tabora hadi Mpanda

Tabora tulingoja siku nzima mabehewa ya Mpanda. Zuhura aliniongoza sokoni tukanunua asali kwenye chupa ya maji na maembe madogo yenye nyuzi, tukarudi kukaa juu ya mizigo, tukawa tunachovya kipande cha mkate kwenye asali na kusimuliana maisha. Alinieleza habari za mume wake wa kwanza na za mume wake wa pili. Mimi nikamweleza habari za mwiba. Alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wengi, kisha akauliza swali la kifundi: kama mwiba ulivunjika, si pangebaki alama ya mahali ulipovunjikia, kama uzi ukikatwa unavyobaki na nywele? Nikasema kwa wadudu waliokaa kabatini miaka mingi huwezi kujua, kila kitu kimeliwa na vumbi. Akasema basi dawa yake ni hao wabichi.

Baada ya Kaliua reli ile huenda polepole, kama mzee anayesalimia kila nyumba. Porini, kabla ya kufika mto Ugalla, tukasimama. Maji yalikuwa yamepanda juu ya reli na wakaguzi walikuwa wanatembea mbele na fimbo kupima kina. Tukakaa hapo tangu saa mbili asubuhi hadi alasiri. Watu walishuka, wakawasha moto, wakachoma mahindi. Nami nikaona kando ya reli mtaro uliojaa maji na majani. Nani angejizuia? Nikatoa chekecheke langu la jikoni na beseni jeupe, nikapandisha sketi, nikaingia.

Dakika kumi hazikupita nikawa na watazamaji wasiopungua hamsini. Mmoja alinionea huruma akaniletea ndoano na mnyoo, akasema dada, kwa chekecheke hupati kitu. Nikamwonyesha beseni: mbawakawa sita wakizunguka kama watu waliopoteza funguo. Akaniuliza wanaliwa vipi. Nikasema hawaliwi. Akatazama chekecheke, akanitazama mimi, akachukua ndoano yake akaondoka. Zuhura alikuwa ameshika chupa zangu akiwaeleza watu mambo ya mwiba kana kwamba yeye ndiye aliyetumwa. Wale sita nikawaangalia kwa lenzi. Hawakuwa wa kwangu hata mmoja. Nikawarudisha mtaroni, na watu wakasikitika kama nimetupa mboga.

Majengo

Mpanda tulifika tumechoka, na Zuhura hakukubali nilale nyumba ya wageni. Akanipeleka kwake Majengo, vyumba viwili na kibaraza cha kushonea. Asubuhi akaniitia jirani yake wa bodaboda, kijana mcheshi anayeijua njia nzima mpaka Usevya, ili anishauri. Zuhura alikuwa ndani anafunga kichwa cha cherehani kwenye meza yake. Mimi nikamwambia yule kijana kwamba nimetoka Morogoro kwa ajili ya mdudu.

Akatabasamu kwa fahari. Akasema sikukosea, wa Mpanda ana sifa. Nikasema nataka kwanza nimwone akiwa mzima. Akasema hilo gumu kidogo, maana wanaanza saa kumi na mbili, lakini nikipanda sasa hivi tutawahi. Nikapanda. Akanipeleka nyuma ya soko, kwenye banda lenye moshi, ambako nguruwe mzima alikuwa ananing'inia mlangoni. Mpishi akaniuliza nusu au kilo.

Nikasema, "Mimi nataka yule wa majini."

Akasema, "Wa kuchemsha hatuna, mama. Tunakaanga tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku hizi mtu akisema anakwenda kula mdudu anamaanisha nyama ya nguruwe. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya banda. Yule kijana alipoelewa alicheka kunishinda, akawaeleza wote waliokuwepo, na kila aliyeingia alielezwa upya. Nilikula nusu kilo na ndizi za kukaanga na pilipili, maana aibu nayo inataka chakula. Tuliporudi Zuhura alikuwa ameshaipata habari. Alinionyesha sabuni na ndoo, akaniambia nikishanawa mara tatu naruhusiwa kugusa masufuria yake. Kisha naye akaanza kucheka peke yake, na kila mara nilipodhani amemaliza, cherehani ilisimama akaanza tena.

Mpanda hadi Kibaoni

Basi la Kibaoni linapita katikati ya hifadhi. Sitalike tukapita daraja na chini yake viboko wamelaliana kama viazi kwenye gunia. Abiria wenyeji hawakugeuza hata shingo. Mbele zaidi lami ikaisha, mbung'o wakaanza. Mbung'o wa Katavi hawaoni aibu, wanatoboa suruali. Watu walivua kandambili wakawa wanapigana nao madirishani, na mgongoni kwa abiria wa mbele bila kuomba ruhusa. Konda alikuwa ameshasikia mjini habari zangu. Akaniuliza kwa upole kama hao hapa siwahitaji, maana ningepata mzigo wa kujaza kabati.

Mara mbili tulishuka kusukuma. Mara ya tatu basi lilizama mpaka ngazi, na tembo wanne walikuwa wamesimama kando ya barabara wakila matawi, hatua kama mia tatu. Dereva akasema tushuke polepole bila kelele. Tukasukuma kimyakimya, watu arobaini, tukihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu. Sijawahi kuona Watanzania arobaini wakifanya kazi bila mtu kutoa ushauri. Basi lilipotoka tukapanda kwa utaratibu, milango ikafungwa, ndipo wote tukaanza kuongea kwa pamoja.

Kibaoni ilikuwa siku ya soko. Nikala wali na samaki wa Rukwa, nikachukua bodaboda, nikafika Usevya nimepakwa tope mpaka nyusi.

Usevya

Mwenyeji wangu alikuwa katekista, Baba Skola, mtu mpole anayeongea kama anayesoma somo la pili. Mke wake, Mama Skola, hakuwepo, alikuwa jarubani. Nikiwa bado nanawa uso nilisikia mluzi. Sijui niueleze vipi. Ulitoka mbali, ukapita juu ya mpunga wote, na kundi la ndege likanyanyuka kama kitambaa kilichokung'utwa. Mwendesha baiskeli aliyekuwa barabarani alifunga breki.

Baba Skola akasema, "Huyo ndiye mama. Alianza kabla sijamuoa, kwa hiyo mimi sina neno."

Kesho yake niliingia naye majini. Ni mwanamke mfupi, mwenye nguvu, anayependa kuuliza. Nikazamisha chekecheke chini ya majani, nikamwaga kwenye beseni, na pale pale wakatokea: rangi ya ganda la mpunga, madoa meusi. Nilipiga magoti katika tope. Walio na mwiba, wasio na mwiba, hai, wakiogelea. Nikamweleza Mama Skola nilichotumwa.

Akasema, "Ah, hawa. Hawa wako wawili."

Nikamwuliza amejuaje. Akamchukua mmoja, akamfunga kwenye kiganja bila kumbana, akauweka mkono sikioni pangu. Nikasikia: *chi-chi, chi-chi*, kidogo, kavu, kama mtu anayekwaruza kitana. Akachukua mwingine. Huyu alitoa sauti moja nyembamba iliyovutwa, ambayo ilibidi nishike pumzi kuisikia. Wa kwanza, akasema, ni wa mluzi. Walipokuwa wasichana wakilinda mpunga, walimweka huyo juu ya ulimi mpaka alie, na aliyevumilia ndiye aliyejua kupiga mluzi. Yeye alivumilia kuliko wote. Wa pili wanamwita bubu. Ukimweka ulimini unapata uchungu tu, mluzi hupati, na mwenzake mmoja aliyedanganywa akawekewa bubu mpaka leo anafukuza ndege kwa debe.

Niliwatunza wadudu hao miaka yote, na sikuwahi kujua kwamba wana sauti. Waliokufa hawasemi.

Nikapanga jaribio. Niliwatia mbawakawa thelathini kila mmoja kwenye chupa yake yenye namba. Mama Skola akawasikiliza mmoja mmoja akisema "mluzi" au "bubu", nami nikaandika. Kisha Baba Skola akazichanganya chupa, namba akazifunika kwa kiganja, mama akasikiliza upya. Majibu yalilingana yote isipokuwa moja, na kwa hilo akasema mdudu mwenyewe amechoka, tumwache apumzike. Baada ya kupumzika akalia kama mara ya kwanza.

Sasa ikabaki hadubini. Hadubini yangu inatumia kioo cha kunasa jua, na jua halikuwepo. Mvua ilinyesha siku mbili. Nilikaa mlangoni na kioo changu nikiangalia mawingu, na kila jirani aliyepita aliuliza kama bado. Siku ya tatu, baada ya chai, likatoka. Niliweka meza uani, nikaanza na chupa ya kwanza. Wa mluzi: ana mwiba. Vizuri. Wa pili, wa mluzi: hana. Nikadhani nimekosea chupa. Wa tatu, bubu: ana mwiba. Nikaendelea mpaka thelathini. Miiba ilikuwa imetapakaa kote kote, kwa wa mluzi na kwa bubu, haikufuata kitu. Na kwa wale wasio nao, kwa kuwa walikuwa wabichi, niliona wazi kikovu cha mahali ulipokatikia, kama Zuhura alivyosema.

Daktari alikuwa sahihi. Mwiba huvunjika.

Nilifunika hadubini. Mama Skola alileta ugali na dagaa, nikala bila kujua ninachokula. Niliona aibu yote ya safari imekaa mbele yangu: treni, kuku wa yule kijana, wiki mbili za Daktari. Baba Skola alitaka kunifariji akasema hata Mtakatifu Petro alizama. Mama Skola yeye hakunifariji. Aliniuliza kwa nini nimekasirika, wakati wadudu bado wako wawili.

Nikamwambia nilikuwa natafuta tofauti ya kuonekana. Sauti siwezi kuichomeka sindano nikaiweka kwenye droo.

Akasema, "Lakini dada, sauti inatoka mahali. Ukimgusa ubavu kwa ukucha ananyamaza. Hapo ubavuni ndipo anapojisugua. Wewe umeangalia mkia tu."

Niliacha ugali. Nikamgeuza mmoja chini ya hadubini, nikamlaza upande, nikatafuta pale ambapo ubavu wa tumbo unasuguana na bawa gumu. Palikuwa na mistari. Meno kama ya kitana, manene, yamepishana kwa nafasi. Nikachukua mwingine: meno membamba, mengi, yamebanana kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Nikamwomba Baba Skola achukue daftari lenye majibu, asinionyeshe, akae mbali. Nikapitia chupa zote kwa macho tu. Manene, nikasema mluzi. Membamba, nikasema bubu. Tukafika ya thelathini. Baba Skola alilinganisha mara mbili, kidole kikipita mstari kwa mstari, kisha akainua uso.

"Zote," akasema. "Zote sawasawa, mama."

Nyie mnanijua, mimi si mtu wa kelele. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika, ndiyo hiyo mliyoisikia Jumapili. Mama Skola akadakia na mluzi wake. Majirani wakaja mbio wakidhani Skola, binti yao anayesoma bweni, amefaulu. Wakaelezwa. Wakasema hata hivyo ni habari njema, wakakaa, na kuku wawili wakaingia matatani.

Kurudi

Njia ya kurudi siielezi sana, kwa sababu safari hii treni ilifika kwa wakati na mtu hasimulii hilo. Mama Skola alinifungashia lile gunia la mchele, na Zuhura alinishonea mfuko wa kubebea chupa, wenye vijumba vyake, akanisindikiza stesheni akilia na kucheka. Ndani ya behewa nilifungua vifuniko kila baada ya saa moja ili wadudu wapate hewa, na abiria wa jirani alipouliza ni nini nikasema mbawakawa. Neno mdudu nimeliacha huko huko Majengo.

Daktari nilimkuta ofisini, orodha imefungwa kwa kamba mezani, tayari kwenda. Nikamwambia kwanza habari mbaya, kwamba mwiba ulikuwa kama alivyosema. Alishangaa kuliko kama ningebisha. Kisha nikamwekea wa mluzi sikioni. Akasikia, akafumba macho. Nikamwekea bubu. Akangoja, akangoja, akasema huyu amenyamaza.

"Hajanyamaza, Daktari," nikasema. "Sauti yake ni nyembamba."

Akaushusha mkono wangu taratibu. Akasema basi masikio yake yameshastaafu kabla yake. Akakaa kwenye hadubini, akaangalia ubavu wa mmoja, akaangalia wa mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Alikaa hapo muda ambao chai yake ilipoa. Mwishowe akasema, "Wawili." Akauliza ni nani aliyewatenganisha. Nikamweleza. Akaniambia nimtajie jina lake kamili, herufi kwa herufi, kwa sababu litaandikwa pembeni mwa majina yao, na nimpigie simu huyo mama sasa hivi ajulishwe.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Mama Skola alikuwa jarubani, upepo ulisikika. Nikamweleza kwamba jina lake litachapwa katika kitabu. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kipimbwe, na nikasikia kicheko cha wanawake wengi ndani ya maji. Akarudi kwenye simu.

"Asante sana, dada. Lakini mnasema mmeandika wawili?"

Nikasema ndiyo, wawili.

"Wapo watatu," akasema. "Huyo mwingine anakuja mpunga ukianza kugeuka rangi. Yeye humsikii sikioni, unamsikia kwenye vidole. Uliniuliza wa sasa, ndiyo maana nikakuonyesha wa sasa."

Nilimtazama Daktari. Alikuwa ameshavuta orodha yake kwake na alikuwa anaifungua ile kamba, fundo baada ya fundo, kwa subira.

"Muulize," akaniambia, "mpunga wa huko unageuka rangi mwezi gani."